Faiba juu ya ekzosi inabadilika rangi

Kaka, hilo doa la kahawia ndani ya kifuniko cha mashine ya boti yako ni resini, ile gundi inayoshika faiba, inaungua. Usilipake rangi ukaliacha. Faiba ya kawaida ya polyesta huanza kulegea kwenye nyuzijoto 60 hadi 80 hivi za Selsiasi, na bomba kavu (lisilopozwa kwa maji) la ekzosi ya dizeli ikivuta mzigo hupita nyuzi 300.

Dawa ya kwanza ni nafasi. Kata bati la alumini linalong'aa, ulifunge kwa bolti likae baina ya bomba na faiba, sentimita 2 mbali na faiba, hewa ipite pande zote mbili. Ukilibana moja kwa moja kwenye faiba, joto linapita tu. Wanaojiundia ndege ndogo, ambao nafasi hawana, hubandika ndani ya kifuniko cha injini blanketi jembamba la nyuzi za seramiki, juu yake karatasi ya alumini. Nawe fanya hivyo pale penye nafasi finyu. Alumini ifutwe; masizi na chumvi vikiipofusha hairudishi joto tena.

Kile kitambaa cha kuzungushia bomba, kwa bahari yetu hii ya Nungwi sikishauri kabisa. Kinashika maji ya chumvi, bomba linaliwa na kutu humo ndani huoni, mpaka moshi uwafikie abiria.

Toboa na matundu kwenye kifuniko, hewa ipite: chini upande wa mbele na juu nyuma. Gonga lile doa: likitoa sauti butu, kata kipande hicho ujenge upya.