Windows na Linux kwenye kompyuta moja: haya yafanye kabla hujachomeka fleshi

Assalaam alaykum ndugu zangu. Vijana wengi hapa Unguja wanataka Linux, yaani mfumo mwengine wa kuendeshea kompyuta kama ilivyo Windows, lakini wanaogopa kuiwacha Windows, na wala hakuna haja ya kuiwacha, mie kompyuta ya nyumbani inazo zote mbili, watoto wanafanyia kazi za skuli kwenye Windows na mie niko zangu Linux Mint (aina moja ya Linux), ukiwasha inakuuliza unataka ipi, unachagua, basi.

Kuinstoli kwenyewe si kazi, kazi iko kabla. Mwanzo umeme. Diski ikiwa inagawiwa halafu umeme ukakatika katikati unaweza kupoteza kila kitu, na sie umeme wetu unakuja kwa waya wa chini ya bahari kutoka Bara, mnajua wenyewe. Desktopu haina UPS, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika? Azima, kweli azima, na uangalie tukuza (mita ya umeme ya kulipia kabla) kama uniti zinatosha. Na picha za harusi na za wazee ziwe na kopi kwenye diski ya nje kabla hujagusa kitu.

Windows itangulie, Linux ifuate, maana Windows ikiingia nyuma inajiweka mbele na ile menyu ya kuchagua huioni tena. Nafasi ya Windows kwenye diski ipunguze humohumo ndani ya Windows, ili Linux ipate pa kukaa, bofya kulia alama yake chini ingia Disk Management. Mint wenyewe wanasema GB 20 ndo chini kabisa, ila ukiweza wape 100. Halafu Fast Startup izime, hii inasumbua watu sana, ikiwa imewashwa Windows haizimiki hasa, inalala tu, ukija Linux ukitaka kuandika kwenye diski ya Windows unakataliwa. Na kama una BitLocker (kufuli la Windows la kufungia diski), ule ufunguo wa tarakimu 48 uandike kwenye karatasi.

Faili la Mint linakaribia GB 3 kwa hivo tafuta bando la usiku au mwenzio mwenye nalo. Ukishaliandika kwenye fleshi na kuwasha kompyuta kwa hiyo fleshi usikimbilie kuinstoli, ijaribu kwanza humohumo kwenye fleshi, uone waifai inashika, sauti inatoka.

Saa nayo. Linux inaweka saa ya ndani ya kompyuta kwa UTC (saa ya pamoja ya dunia), Windows inadhani ndo saa ya hapa, sie tuko masaa 3 mbele, basi unatoka Linux saa nne za usiku unafungua Windows inakwambia saa moja. Rudi Linux, fungua tamino (dirisha la kuandikia amri), andika timedatectl set-local-rtc 1, imekwisha.

Ila mie kama desktopu yako ina nafasi ya diski ya pili nakushauri usigawe kitu, tafuta SSD (diski ya kisasa ya kasi) hata ndogo, ile ya Windows ichomoe kabisa wakati unainstoli, ukimaliza irudishe, uchague kwenye menyu ya kuwashia. Siku umeichoka Linux unatoa SSD yako na Windows iko vilevile.