Zanzibar kwa kiti mwendo? Nenda!

Dada, umeuliza kama utaiweza Zanzibar na kiti mwendo. Mimi nimeenda nacho, utaiweza. Boti kutoka Dar si tatizo, tatizo ni daraja la kushukia: maji yakipwa linainama vibaya. Wanaokusaidia washushe kiti kinyumenyume, usikubali kutangulizwa miguu.

Hoteli usiamini neno "hatuna ngazi". Waombe picha ya mlango wa choo na upana wake kwa sentimita. Mimi niliambiwa hivyohivyo, nikakuta kiti hakiingii, nikaoga kwa ndoo chumbani siku tatu!

Jioni shuka bustani ya Forodhani, pale Mji Mkongwe, ukanywe urojo ukitazama vijana wakijirusha baharini. Ufukweni ngoja maji yatoke, mchanga mbichi ulioshikana unabeba magurudumu. Na pampu ya magurudumu usisahau.