Kitufe kitalia, lakini bodaboda atasimama?

Swali: Mhandisi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Tabora mjini, upande wa Ng'ambo. Presha ya macho imeniachia jicho moja linaloona mwanga na vivuli tu. Kila asubuhi navuka barabara ya lami kwenda kwenye kibanda changu cha madaftari. Zebra ipo ila imefifia, na taa hakuna. Mjukuu wangu anasema kuna vivuko vinavyoongea, tena hata simu inaweza kumvusha asiyeona. Je, kwetu inawezekana, na umeme huu wa kukatika? Tuombe nini hasa?

Jibu: Shikamoo Mwalimu. Inawezekana, na umeme ndio shida ndogo kuliko zote. Nianze na ile kubwa.

Vivuko vinavyoongea alivyovisikia mjukuu wako huwa penye taa nyekundu na kijani. Nguzo ya kitufe hulia taratibu, tik moja kila sekunde, ili uipate kwa masikio. Zamu ya watembea kwa miguu ikifika, mlio unaenda mbio na mshale ulio kwenye kitufe unatetemeka chini ya kidole. Uingereza wana na kijipini chenye mikwaruzo chini ya kisanduku. Taa ya kijani ikiwaka, kinazunguka, kwa hiyo hata asiyeona na asiyesikia anajua. Japani hutumia milio ya ndege. Kwenu, na miembe yote ile, ndege wa kweli wangekuvusha kabla ya wakati.

Sauti hiyo inaaminika kwa sababu taa nyekundu imeshawazuia madereva. Kwenu hakuna taa nyekundu. Kinachofaa barabara kama yako ni taa za njano zinazomweka, yaani kuwaka na kuzima harakaharaka, mtu akibonyeza kitufe, nazo kazi yake ni kumkumbusha dereva tu. Ndiyo maana mwongozo wa Marekani unataka spika ya kivuko cha namna hii iseme mara mbili "taa za njano zinamweka", basi. Isiseme "vuka". Fundi akikuletea kisanduku kinachosema "sasa vuka" mahali pasipo taa nyekundu, mkatalie, hata kama ni cha bure. Gari litasimama, halafu bodaboda atalipita kwa pembeni bila kujua kwa nini limesimama. Wewe ungekuwa umeshaamini spika.

Kwa hiyo cha kwanza kuomba hakina waya hata mmoja: zebra iliyoinuliwa juu ya tuta pana, lenye mgongo bapa. Dereva anapunguza mwendo apende asipende, na mwenye kiti mwendo anavuka bila kushuka wala kupanda. Tuta lifike ukingoni kabisa, na pawekwe vigingi, maana mwanya ukibaki kati ya tuta na mtaro, bodaboda wameshapata njia. Mtaro wenyewe ufunikwe kwa zege hapo pa kuvukia.

Cha pili ni vigae vya kugusa kwa mguu au fimbo nyeupe. Mjapani Seiichi Miyake alivibuni mwaka 1965, na vya kwanza vikawekwa Okayama mwaka 1967, karibu na shule ya wasioona. Vyenye vitone vinakuambia simama, vyenye mistari vinakuonyesha njia. Vyako viwe vya njano. Jicho linaloona vivuli litaitofautisha njano na lami.

Hapo sasa ndipo taa, kitufe na spika vinapata maana. Hesabu ya umeme ni hii: taa za wati 10, zinamweka sekunde 30 kila kitufe kinapobonyezwa, tuseme mara 300 kwa siku. Hizo ni saa mbili na nusu, wati-saa 25. Kidhibiti na ule mlio wa nguzo vikila wati moja usiku na mchana, ongeza 24. Jumla haifiki 50. Betri ya volti 12, ampea-saa 20, ina wati-saa 240. Ukitumia nusu tu ili isife mapema, unapata siku mbili bila jua. Paneli ya wati 40 inatosha, mradi isiwe chini ya mwembe na kuwe na mtu wa kuifuta vumbi kiangazi.

Utaambiwa pia kuna sensa za rada zinazomtambua mtu bila kitufe. Kwenye njia panda ya Ulaya, sawa. Kwenu watu husimama kando ya barabara kupiga soga na bodaboda hupaki hapo hapo. Taa zitamweka kutwa, na ndani ya wiki madereva watazizoea. Kitufe ni bora.

Simu ya mjukuu itakutajia mtaa na duka lililo mbele. Kukuvusha, hapana: GPS hukosea mita kadhaa, na kwenye barabara ya mita saba hiyo ni tofauti ya kuwa kando na kuwa katikati.

Barua yenu, ipitie kwa mtendaji wa mtaa na diwani. Kama ni barabara kuu au ya mkoa, iende TANROADS. Kama ni ya mtaani, TARURA. Itajeni Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na ambatanisheni hesabu yenu wenyewe ya wanaovuka hapo kwa saa moja asubuhi. Ombeni pia uitwe siku ya kusimika nguzo, kabla zege halijamwagwa. Kitufe kiwe kimo cha mita moja hivi, na ukifikie ukiwa umesimama kwenye vitone, bila kunyoosha mwili kuvuka mtaro.