Kiwanja cha mchanga Uvira: muzee fundi anajibu

SWALI: Jambo muzee. Nimenunua kiwanja Uvira, upande wa Kavimvira, karibu na ziwa. Ukichimba ni mchanga mtupu. Shemeji yangu anasifu, eti mchanga unameza mtikisiko. Mwashi anakataa, anasema siku ya tetemeko nyumba itazama. Nimsikilize nani? – Mama wa Nguba, Bukavu

JIBU: Mama, msikilize mwashi. Mchanga laini haumezi mtikisiko, mara nyingi unauzidisha. Ila mwashi naye amesahau kutaja maji, na kesi yote iko hapo. Mchanga mkavu hauzamishi nyumba. Wa kuogopa ni ule uliolegea na kujaa maji.

Pale soko la Kadutu, mnunuzi mjanja humwambia mwenye maharagwe atikise debe kwanza. Yanashuka, anaongezewa. Chembe za mchanga zikitikiswa nazo hutaka kubanana, lakini katikati yao kuna maji, na maji hayapati njia ya kutoka ndani ya sekunde chache. Presha yake inapanda mpaka chembe zinaachana, na uzito zilizokuwa zikiubeba unabaki juu ya maji. Hapo ardhi haishiki kitu tena. Nyumba inazama au inainama, tangi tupu lililofukiwa linapanda juu, na mchanga wenye maji unaruka kupitia nyufa.

Niigata, Japani, mwaka 1964, tetemeko la kipimo cha 7.5 lililaza magorofa ya Kawagishi-cho. Moja lilikaribia kulala chali, kuta zake zikiwa nzima! Picha hiyo nawaonyesha vijana wanaokuja kwangu na hesabu za vyuma tu, ardhi hawajaigusa.

Mazoea ya Nguba yaache Nguba. Tetemeko letu la tarehe 3 Februari 2008, la 5.9, lilitubomolea kuta, na huku mlimani tunaogopa udongo unaoporomoka. Bonde la Ruzizi, unakotaka kujenga, ni mchanga na matope ya mito, tena ya juzi kwa hesabu ya ardhi. Ziwa Tanganyika likipanda, maji ya chini nayo yanapanda.

Kabla ya kununua simenti, waulize majirani maji ya visima vyao yako mita ngapi mwisho wa masika. Wakikwambia mita mbili tatu, lipia kipimo cha udongo: wanapigilia bomba chini kwa nyundo nzito na kuhesabu mapigo kwa kila sentimita 30. Mapigo machache, mchanga umelegea. Ni ghali, najua, lakini gorofa bila kipimo hicho siwezi kukushauri.

Mchanga uliolegea hushindiliwa hadi chini kabla ya kujenga. Kushindilia juu juu ni kupoteza mafuta ya mashine. Kwa nyumba ya chini, omba pia bamba moja la zege lenye vyuma chini ya nyumba nzima. Linaweza kuinama, lakini halitaachia chumba kimoja kizame peke yake na kupasua kuta. Bomba la maji linaloingia ndani liwe la kupindika, maana la chuma hukatika pale linapokutana na ukuta.