Maswali na majibu: Bagamoyo ipi unayoiulizia?

Bagamoyo ina watu wangapi? Kila nikitafuta napata jibu jingine. (Msomaji, Magomeni)

Swali hili linakuja kila mwezi, na kila mwezi muulizaji hasemi ni Bagamoyo ipi. Kuna mji, yaani Dunda, Magomeni na kata zinazopakana nazo. Kuna Halmashauri ya Wilaya ya Bagamoyo. Na kuna wilaya nzima, ambayo ndani yake imo pia Halmashauri ya Chalinze. Namba ya kimoja haifai kwa kingine.

Sensa ya 2002 iliikuta wilaya nzima na watu 230,164. Ile ya 2012 ikaikuta na 311,740. Baadaye Chalinze ikapewa halmashauri yake, hivyo matokeo ya 2022 yakatoka mafungu mawili: Bagamoyo 205,478 na Chalinze 316,759. Sasa kuna watu wanaiweka 311,740 pembeni ya 205,478, kisha wanatangaza kwamba Bagamoyo imepoteza theluthi ya watu wake. Hakuna aliyehama. Kilichohama ni mpaka. Jumlisha mafungu yote mawili upate 522,237, ndipo ulinganishe na 2012.

Na ukilinganisha, usichukue ongezeko la asilimia 67.5 ukaligawa kwa kumi ukasema ni 6.75 kwa mwaka. Watu wanaoongezeka nao wanazaa. Gawanya idadi mpya kwa ya zamani, tafuta logarithi asilia ya jibu (kitufe cha ln kwenye kikokotoo), kisha gawanya kwa miaka. Utapata kama asilimia 5.2 kwa mwaka, wakati nchi nzima ilikuwa 3.2. Muongo uliotangulia wilaya ilikwenda kwa asilimia 3 tu. Hilo ndilo jambo la kujadiliwa vikaoni: maji, madarasa na zahanati vilivyopangwa kwa mwendo wa asilimia 3 haviwezi kuwatosha watu hawa.

Mwenye kutaka idadi ya mji peke yake achukue taarifa ya sensa ya ngazi ya kata kutoka Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ajumlishe kata mwenyewe, na aziandike majina kata alizojumlisha. Asipoziandika, hesabu yake haina maana kwa mtu wa pili.

Nina nyumba Mapinga lakini nalala Sinza siku za kazi. Sensa ilinihesabu wapi?

Ulikolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022. Kama ulikuwa Sinza, basi Mapinga alihesabiwa mlinzi wako.

Mapinga si Dar es Salaam siku hizi?

Hapana. Ni Wilaya ya Bagamoyo, Mkoa wa Pwani, hata kama daladala linatoka Bunju na dalali anakuambia "Dar mpya". Kwa hiyo habari za kiwanja cha huko ziulize halmashauri ya Bagamoyo, usiende Kinondoni. Kama kina hati, omba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati kwa kutumia namba ya hati kabla hujatoa hata shilingi ya udalali. Muhuri wa mwenyekiti kwenye karatasi ya mauziano ni ushahidi kwamba mliuziana. Hauthibitishi kwamba muuzaji ndiye mwenye ardhi.

Livingstone alifia Bagamoyo?

Hapana. Alifia kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, mwaka 1873. Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao waliibeba maiti yake hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874.

Abushiri alinyongwa wapi hapa mjini?

Alinyongwa Pangani, Desemba 1889. Walionyongwa Bagamoyo ni wapiganaji wengine wa vita hivyo hivyo vya watu wa pwani dhidi ya Wajerumani, nao wanastahili kukumbukwa kwa haki yao, bila kufunikwa na jina la Abushiri.

Kwa nini Wajerumani waliondoa makao makuu Bagamoyo? Au ni kwa sababu ya vita? (Msomaji, Kaole)

Vita vya 1888 na 1889 viliwatia hofu, ila kilichoamua ni maji. Ufuo wa Bagamoyo ni tambarare na kina chake ni kidogo. Jahazi hukaa juu ya mchanga maji yakitoka, likapakuliwa, kisha likaelea tena maji yakijaa. Kwa biashara ya pembe za ndovu na ya Unguja, hilo lilitosha. Meli ya mvuke haiwezi hivyo. Ilitia nanga mbali, mizigo ikashushwa kwa mashua na kumaliziwa mabegani mwa watu. Dar es Salaam ina mlango mwembamba na bandari ya ndani yenye kina, iliyokingwa na upepo. Mwaka 1891 makao yakahamia huko.

Pigo la pili lilikuwa reli. Ya Tanga ilianza kujengwa 1893, na Reli ya Kati ikaanzia Dar es Salaam mwaka 1905 hadi ikafika Kigoma 1914. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyekuwa akishuka Bagamoyo na pembe begani hakuhitajika tena, na mji uliokuwa ukiishi kwa kulisha, kulaza na kukopesha misafara ukabaki bila kazi. Ndiyo maana makadirio ya watu ya karne ya 19 yanatofautiana mno: msafara ukiwa mjini watu walikuwa maelfu zaidi, na ukiondoka mji ulipwaya. Makadirio yasiyotaja msimu usiyanukuu.

Na waongoza watalii, tafadhali: Boma lilijengwa 1897, miaka sita baada ya makao kuhama. Halikuwa ikulu ya koloni. Lilikuwa ofisi ya utawala wa wilaya.

Mji Mkongwe wetu ni urithi wa dunia wa UNESCO, sivyo?

Bado. Njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe, ambayo Bagamoyo ni sehemu yake, iliingizwa mwaka 2006 kwenye orodha ya mapendekezo. Kupendekezwa hakujawa kuandikishwa, na kila nyumba inayoanguka inapunguza cha kuandikisha.

Tumerithi nyumba ya mawe ya zamani. Lipu imebanduka. Fundi anataka kupiga saruji, na mtu anataka kuununua mlango wa nakshi. (Msomaji, Dunda)

Mkatalie fundi, na mlango msiuguse.

Ukuta ule ni wa mawe ya matumbawe na chokaa. Unanyonya maji ya ardhini yenye chumvi na kuyatoa hewani kupitia lipu. Saruji inaziba njia hiyo. Maji yanabaki ndani, chumvi inaganda nyuma ya lipu na kuisukuma, na baada ya misimu michache ya mvua saruji inadondoka na vipande vya jiwe. Rangi ya mafuta ina madhara hayo hayo.

Bandueni lipu yote iliyolegea hadi kwenye jiwe. Tumieni chokaa iliyolowekwa kwenye maji si chini ya wiki tatu, ndoo moja kwa ndoo tatu za mchanga wa mtoni uliochekechwa. Mchanga wa ufukweni una chumvi, msiutumie. Lowesheni ukuta kwanza, pigeni tabaka jembamba la kama sentimita moja, kisha funikeni kwa magunia yaliyoloweshwa kwa siku kadhaa. Chokaa hukaza polepole kwa kuvuta hewa; ikikaushwa na jua la saa saba inapasuka. Kabla ya yote, zibeni paa. Boriti za mikoko zikiloa zinaoza kwenye ncha zilizoingia ukutani, mahali msipopaona, na ndizo zinazoshusha dari.

Kuhusu mlango: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya 1940, na majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Andikeni kwa Idara ya Mambo ya Kale kabla ya kubomoa, kuongeza ghorofa au kuuza. Anayewaharakisha kwa fedha taslimu anaijua sheria hiyo kuliko ninyi.

Kaole ndiyo Bagamoyo ya zamani?

Ni mji mwingine, kilomita kama tano kusini, wenye msikiti wa karne ya 13. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walianzia safari yao ya bara Kaole mwaka 1857; Bagamoyo ilitamba baadaye.