Unayeanza kuiga feleji inayopozwa: anza na elementi moja

Modeli yangu ya kwanza ya kompyuta ilikuwa ya mhimili wa feleji unaotumbukizwa kwenye mafuta ukiwa bado mwekundu kwa moto. Halijoto zililingana na vipimo, ugumu pia. Lakini mikazo iliyobaki ndani ya chuma baada ya kupoa ilikuwa mbali kabisa na ile iliyopimwa kwa eksirei. Wiki kadhaa nikahangaika na kupunguza ukubwa wa elementi (vipande vidogo vinavyounda modeli), kumbe tatizo halikuwa huko.

Nilikuwa nimeacha jambo moja. Osteniti (umbile la ndani la feleji ikiwa na moto mkali) inapogeuka kuwa martensiti (umbile gumu linalotokea ikipozwa haraka) huku inavutwa au kubanwa, hubadili umbo moja kwa moja, hata kama mkazo wenyewe ni mdogo na siku nyingine usingeifanya lolote. Kila sehemu inayogeuka huvimba, na osteniti iliyo kando yake, ambayo ni laini, hulazimika kuipisha. Mkazo wa nje ndio unaoamua inapisha kuelekea wapi. Watafiti Greenwood na Johnson walilieleza hili mwaka 1965. Ukiliacha, unaweza kushindwa hata kujua iwapo sehemu fulani imebanwa au inavutwa.

Kwa hiyo usikimbilie gia nzima. Chukua elementi moja, ipoze bila mzigo. Inatakiwa isinyae, ivimbe martensiti inapoanza, kisha isinyae tena taratibu zaidi, kwa sababu martensiti husinyaa kidogo kuliko osteniti kwa kila digrii. Grafu ikifanana na ya dilatomita (kifaa kinachopima chuma kinavyovimba na kusinyaa kwa joto), rudia ukiwa umeiwekea mzigo mdogo usiobadilika. Hapo ndipo utakapoona kama modeli yako inalijua badiliko lile la umbo au inaliruka.

Angalia pia hatua za muda, yaani vipindi vifupi ambavyo modeli huhesabu kimoja kimoja. Kanuni ya Koistinen na Marburger ya mwaka 1959, inayokadiria kiasi cha martensiti kwa kila halijoto, ikiwa na kizidishi 0.011 inasema asilimia 42 hivi ya osteniti hugeuka ndani ya digrii 50 za mwanzo tangu martensiti ianze. Hatua moja ikimeza digrii hizo zote, mikazo itaruka ovyo. Mimi huweka digrii 5 au pungufu, yaani asilimia 5 hivi kwa hatua ya kwanza. Na kizidishi hicho kipime kwa feleji yako mwenyewe.

Limebaki swali gumu: osteniti iliyokwisha kuwa ngumu zaidi kwa kupindwa, je, martensiti inayozaliwa humo inaurithi ugumu huo? Programu nyingine hujibu kimyakimya kwa niaba yako. Tafuta imejibu nini, uandike.