Asilimia 40 ya nani?

SWALI: Wenzangu kazini wanashikilia kwamba anayetumia mfumo endeshi wa Linux kwenye kompyuta yake ni mtengeneza programu tu. Wamenionyesha utafiti wa 2022 wa Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya watengeneza programu, Linux imepata asilimia 40. Je, ndiyo kusema watumiaji 40 katika kila 100 wa Linux ni watengeneza programu?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Hapana, hesabu imepinduliwa. Walioulizwa ni watengeneza programu, zaidi ya 70,000: mnatumia mfumo endeshi gani? Kwa matumizi binafsi, Windows ilipata asilimia 62, Linux 40, macOS 31. Jumla inapita 100 kwa sababu mtu aliruhusiwa kutaja zaidi ya mmoja. Asili ya sehemu hiyo, namba ya chini ya mstari, ni watengeneza programu. Wewe unataka asili iwe watumiaji wa Linux, na Linux hupakuliwa bure bila kusajiliwa, kwa hiyo inabidi kukadiria.

Tufanye makadirio. Kampuni ya Evans Data ilikadiria mwaka 2021 kwamba dunia ina watengeneza programu karibu milioni 27. Asilimia 40 yao ni milioni 10.8. Microsoft ilitangaza mwanzoni mwa 2022 kwamba Windows iko kwenye vifaa bilioni 1.4; tukichukulia kuwa hiyo ni robo tatu ya kompyuta zote, zote ni kama bilioni 1.87. Ukiipa Linux asilimia 3, unapata milioni 56, na 10.8 kwa 56 ni kama asilimia 19: mmoja katika watano. Ukiipa asilimia 4, anabaki mmoja katika saba. Kwa Windows, asilimia 62 ya milioni 27 ni milioni 16.7, na hiyo kwa bilioni 1.4 ni asilimia 1.2 tu. Wenzako basi wana nusu ya hoja: Linux imejaa watengeneza programu kuliko Windows, lakini wengi wa watumiaji wake si wao.

Angalia sana namba ya juu. GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kushirikiana msimbo wa programu, ilitangaza Januari 2023 kuwa imefikisha watengeneza programu milioni 100, ila kinachohesabiwa pale ni akaunti, hata ya mtu aliyejiunga ili kuripoti hitilafu moja. Iweke badala ya 27 na jibu linaruka hadi asilimia 71! Tena waliojibu utafiti ule walijitokeza wenyewe, hivyo hata ile 40 haiwawakilishi wote.

SWALI: Maabara yetu ina kompyuta 40 za Ubuntu, aina mojawapo ya Linux. Nitajuaje ngapi zinatumika kuandika programu?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Usitafute gcc, programu inayogeuza msimbo kuwa programu inayoendeshwa. Huingia yenyewe pale dkms, zana ya mfumo wenyewe, inapohitajika kujenga draiva ya kadi ya picha au ya Wi-Fi, kwa hiyo utamhesabu hata karani. Anza na vilivyowekwa kwa makusudi:

apt-mark showmanual | grep -E '^(git|build-essential|default-jdk)$'

Kama kompyuta zote zilinakiliwa kutoka diski moja, orodha itafanana kila mahali na haitakusaidia. Hapo tafuta faili ambalo git, zana ya kutunza matoleo ya msimbo, huliunda mtumiaji anapoandika jina lake:

sudo find /home -maxdepth 2 -name .gitconfig

Bila sudo, yaani mamlaka ya msimamizi, utanyimwa ruhusa, kwani tangu toleo la 21.04 Ubuntu hufunga folda ya kila mtumiaji mpya kwa wengine. Kwa sababu hiyohiyo, waarifu wenye akaunti kabla hujaanza.